Kupanga chumba na sebule Mafinga: mwongozo kamili, kuanzia siku unashuka kwenye basi mpaka siku unarudisha funguo

Kama umepangiwa kazi Mafinga, iwe ualimu, unesi, benki, au umekuja kufuata biashara ya mbao, kila mtu atakwambia vyumba vipo kibao na bei ni chee ukilinganisha na Dar. Ni kweli vipo. Ila chumba na sebule ya self, yani chumba cha kulala, sebule, jiko na choo humo humo ndani, yenye maji ya uhakika, mita yake ya umeme na kuta kavu, hiyo haipo nyingi kiasi hicho, na ukikurupuka utajikuta umelipa miezi sita kwenye nyumba ambayo mwezi wa pili tu ushaichoka.

Na shida yenyewe ndo iko hapo kwenye miezi sita. Huku kodi hailipwi mwezi kwa mwezi, unatoa mkupuo wa miezi mitatu, sita, wengine wanataka mwaka kabisa. Kabla hujalipa, mwenye nyumba anakusikiliza, anakubali kubadilisha kitasa, anakubali kuweka dari, anapokea simu yako mlio wa kwanza. Ukishalipa, unasubiri kama wenzako wanavyosubiri. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachosema humu kinafanyika kabla hela haijatoka mfukoni. Nazungumzia Mafinga maana ndo naijua, ila ukiwa Makambako au Njombe mambo hayatofautiani sana, baridi ni ile ile na madalali ni wale wale.

Hatua ya 1: fika kwanza, usipange kwa simu

Utatumiwa picha WhatsApp. Taili zinang'aa, jipsamu imechorwa maua, geti jekundu. Picha haikuonyeshi kwamba maji yanatoka mara mbili kwa wiki, wala haikuonyeshi ukungu ulioko nyuma ya kabati. Alafu utaambiwa kuna mtu mwingine anaitaka hivyo tuma hata elfu hamsini ya kushikia. Usitume. Hata kama aliyekutumia ni rafiki wa rafiki, usitume, maana chumba kimoja kinaweza kushikiwa na watu watatu na wote wakakutana mlangoni na mabegi.

Ukishuka kwenye basi fikia gesti au kwa ndugu kama yupo. Siku chache za gesti zinauma, najua, hasa kwa mwajiriwa mpya ambaye hela ya kujikimu bado haijatoka, lakini hesabu yake ni ndogo sana ukilinganisha na kodi ya nusu mwaka kwenye nyumba mbaya.

Hatua ya 2: piga hesabu ya siku ya kwanza, siyo ya mwezi

Watu wengi wanajiuliza kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi, wakati swali lenyewe ni siku ya kuingia natoa ngapi. Tuseme kodi ni 120,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 720,000. Dalali kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja, hiyo ni 120,000 nyingine. Ushafika 840,000 na bado hujanunua godoro, pazia, mtungi wa gesi, ndoo, kitasa kipya, wala hujamlipa mtu wa kirikuu. Huo ni mfano tu, weka bei utakayokutana nayo, ila hesabu ni hiyo hiyo.

Kama mshahara wa kwanza bado haujatoka, usijibane mpaka ukabaki huna hela ya kula. Tafuta chumba kimoja masta kwa miezi mitatu, tulia, jua mji, alafu hamia chumba na sebule ukiwa unajua unataka nini. Mi naona hiyo ndo njia bora kwa mtu aliye peke yake, japo kuhama mara mbili kunachosha.

Hatua ya 3: chagua upande wa mji

Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya inapita katikati ya mji, na malori yanayoelekea Tunduma hayalali. Ukipanga karibu na lami utapata usafiri dakika yoyote na maduka mpaka usiku, ila utalala na ngurumo na honi. Ukienda ndani zaidi, unapata utulivu na bei inashuka, ila mvua zikianza kama Novemba kwenda mpaka Aprili njia zingine zinakuwa tope la kuteleza na bodaboda anakuomba hela zaidi au anakushusha njiani utembee.

Kitu kingine cha huku ni viwanda vya mbao. Shamba la miti la Sao Hill liko hapa hapa, kwa hiyo mashine za kupasua magogo zipo pande nyingi za mji. Ukikaa jirani na kiwanda, msumeno unaanza asubuhi na vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye chai. Kama una pumu au mtoto mdogo hili usilichukulie poa hata kidogo.

Uwe unaangalia Boma, Upendo, Wambi, Kinyanambo au Changarawe, fanya jambo moja: tembea kwa mguu kutoka kazini mpaka kwenye nyumba saa moja jioni. Utaona taa ziko wapi, utaona vilabu vya pombe viko wapi, utaona kama kuna kipande cha njia ambacho usingependa dada yako apite peke yake. Kama kazi yako ni ya shifti za usiku, hicho kipande ndo kiamue.

Hatua ya 4: nyumba nzuri zinapita mdomoni

Kwenye mji mdogo nyumba nzuri huwa haifiki kwa dalali. Mpangaji akihama, mwenye nyumba anamwambia mwenye duka, mwenye duka anamwambia mteja, ndani ya siku mbili imeshaenda. Kwa hiyo waambie watu. Waambie wenzako kazini, mama anayekuuzia chakula, kanisani au msikitini, kinyozi, na hasa yule wa duka la kona kwenye mtaa unaoutaka, maana huyo anajua nani anahama mwisho wa mwezi kabla hata mwenye nyumba hajajua. Salimia vizuri, ukiweza kutoa "kamwene" hata kama wewe siyo Mhehe, mtu anakufungukia.

Dalali naye mtumie, siyo dhambi, wengine wanafanya kazi nzuri. Ila mkubaliane mapema mambo mawili. Hela ya kuzungushwa ni shilingi ngapi na inahesabika nyumba ngapi, siyo kila mlango elfu kumi. Na ile ya mwezi mmoja unamlipa baada ya kusaini mkataba na kushika funguo mkononi, siyo kabla. Dalali anayetaka yote mwanzo, muage kwa heshima. Alafu usikubali kumlipa dalali kodi ya mwenye nyumba, hata kama anasema katumwa.

Hatua ya 5: ukaguzi, na hapa usiwe na aibu

Nenda mara tatu kama unaweza: mchana, usiku, na baada ya mvua kubwa. Ukiwa umekuja kiangazi na mvua hamna, basi inabidi usome kuta.

Unyevu ndo adui namba moja huku. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nyumba isiyopata jua haikauki. Nguo zinanuka kabatini, viatu vinaota ukungu, kikohozi hakiishi. Kwa hiyo ingia chumba cha kulala, nenda kwenye kona ya chini iliyo upande wa nje, weka kiganja ukutani ukiache pale. Ukuta mkavu ni wa baridi tu, ukuta wenye unyevu unahisi kama unashika kitu kilichotoka kufuliwa. Kwaruza kidogo na ukucha: rangi ikitoka kama unga na chini yake kuna madoa meusi au chumvi nyeupe, hapo rangi imepakwa juzi kuficha. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, wakati kuta zingine zimechakaa, hiyo iulizie. Angalia juu pia, kama kuna dari au unaona bati moja kwa moja, maana bati tupu usiku wa baridi linatoa jasho na matone yanakudondokea kitandani. Kama dari ipo, tafuta alama za kahawia, hizo ni njia za maji.

Uliza dirisha la chumbani linaangalia wapi. La mashariki linakupa jua la asubuhi na chumba kinakauka. Lililozibwa na ukuta wa jirani halikupi kitu. Kwa huku mi ningechukua nyumba ya saruji tupu yenye jua kuliko yenye taili isiyo na jua, na taili zenyewe Julai utazifunika kapeti.

Maji: fungua bomba zote kwa pamoja, la jikoni, la bafuni, alafu flashi choo. Usikubali kuambiwa "leo yamekatika, kesho yanarudi." Rudi hiyo kesho. Uliza simtanki ni la lita ngapi na mnatumia nyumba ngapi, maana simtanki la lita 1,000 kwa familia nne siku mbili tu limekauka. Uliza mita ya maji ni ya peke yako au mnachangia, na omba kuona bili ya mwisho kama imelipwa, maana wewe ndo utakayekatiwa maji kwa deni la aliyehama.

Choo: flashi mara mbili mfululizo, ukiona maji yanapanda juu kabla ya kushuka, karo limejaa au bomba lina tatizo. Uliza gari la kunyonya likija nani analipa.

Usalama nao: nondo za madirisha, mlango wa nyuma, taa ya nje, ukuta wa fensi, geti linafungwa saa ngapi na nani anakufungulia ukichelewa. Na simama katikati ya chumba ujaribu kupiga simu na kufungua video, kuna nyumba ukiingia ndani mtandao unakata kabisa na unabaki kuongea na simu ukiwa nje kwenye baridi.

Hatua ya 6: umeme, hii nimeipa nafasi yake

Swali la kwanza ni kama mita ya LUKU ni yako peke yako. Ugomvi mwingi wa wapangaji unaanzia kwenye umeme wa kuchangia, huyu ana friji, yule anapiga pasi kila asubuhi, mwingine hayupo wiki nzima na bado anadaiwa mchango. Mita ya peke yako, hata kodi ikizidi kidogo, ina thamani yake. Kama ni ya kuchangia basi angalau kuwe na sabumita, na mjue nani anasoma na lini.

Alafu omba uone meseji ya mwisho ya umeme walionunua kwenye hiyo mita. Ile meseji inaongea mengi. Angalia hela iliyolipwa na uniti zilizotoka. Mita iliyoko kwenye tarifu ya matumizi madogo, 9,150 inakupa uniti 75 kwa mwezi. Mita ya tarifu ya kawaida, elfu kumi inakupa uniti kama 28 hivi. Tofauti ni kubwa mno na watu wanapanga bila kuuliza. Ile ya matumizi madogo nayo ina masharti, ukivuka uniti 75 kwa mwezi zile za juu zinakuwa ghali kuliko hata za kawaida, kwa hiyo usije ukafunga vitu vizito ukidhani umepona.

Kwenye hiyo hiyo meseji angalia kama kuna makato ya deni. Deni la mita halihami na mpangaji, linabaki kwenye mita na wewe unalilipa kila ukinunua. Utakuta pia kodi ya majengo, kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka tangu mwaka wa fedha 2023/24. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji, ila inakatwa kwenye umeme unaonunua wewe. Ongeeni mapema, aidha ipunguzwe kwenye kodi ya nyumba au uamue tu kuibeba ukijua unaibeba.

Na kwa sababu ya baridi utataka hita ya kuogea, zile za kufunga kwenye bomba la mvua. Nyingi zina wati 5,500. Dakika kumi za kuoga ni karibu uniti moja nzima, kwa tarifu ya kawaida ni kama shilingi 330 kila unapooga. Kabla hujafunga, fundi umeme aangalie waya na swichi kama zinabeba, maana nyumba nyingi zilifungwa waya za taa na pasi tu. Waya ikipata moto ndani ya ukuta hujui mpaka unasikia harufu.

Hatua ya 7: mjue mwenye nyumba na jirani

Uliza jina kamili la mwenye nyumba, alafu nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize tu kistaarabu: nyumba fulani ni ya nani. Dakika tano, na inakuokoa na mtu anayepangisha nyumba ya ndugu yake aliyeko mbali, au nyumba ya urithi ambayo watoto wanagombana. Kama aliyepo ni msimamizi, basi kuwe na maandishi ya mwenye nyumba au angalau umpigie mbele yake.

Jirani ndo mwalimu wako. Muulize maji yanatoka siku gani, aliyehama alihama kwanini, mwenye nyumba ukimwambia bati linavuja anachukua muda gani. Mwingine hatakuambia neno baya ila atanyamaza sana, na ukimya huo nao ni jibu. Uliza pia hela ya taka na ya ulinzi ni kiasi gani na anachukua nani.

Kama mwenye nyumba anaishi uwanja huo huo, pima kama unaweza. Faida ni kwamba tatizo analiona mwenyewe na usalama upo. Hasara ni kwamba wageni wako watahesabiwa. Kwa mtu mgeni kabisa mjini, mi naona faida inazidi.

Hatua ya 8: kuongea bei

Hapa heshima inafanya kazi kuliko ujanja. Huku wenye nyumba wengi ni wazee wastaafu au akina mama waliojenga kwa kujinyima, wanataka kujua anayeingia ni mtu wa aina gani. Usianze kwa kuponda nyumba. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante mama. Nyumba nimeiona, nimeipenda kusema ukweli. Ila nilichonacho sasa hivi ni cha miezi mitatu, naomba nianze na hiyo, mshahara ukitoka naongeza."

"Mwanangu, wenzio wote wamelipa sita."

"Nakuelewa mama. Basi nikijikaza nikalipa sita, naomba pale chumbani iwekwe dari na bomba la jikoni litengenezwe kabla sijaingia, na tuandikishiane kwamba kodi haipandi mpaka mwaka uishe."

Unaona hapo hujaomba kupunguziwa hata mia, ila umepata vitu ambavyo ukishaingia huvipati. Kama hawezi kutengeneza mwenyewe, mkubaliane utengeneze wewe na gharama ikatwe kwenye kodi, bei ya fundi iandikwe na asaini kabla ya kazi kuanza.

Hatua ya 9: mkataba

Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi, mwaka mmoja au chini ya hapo, hata ukiwa wa mdomo. Lakini mdomo ukishaanza ubishi huna cha kushika, kwa hiyo andikeni, hata kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Nakala mbili, kila mtu yake, shahidi mmoja mmoja, na mkagonge muhuri serikali ya mtaa.

Ndani yake kuwe na majina kamili na namba za NIDA za wote wawili, namba ya nyumba na jina la barabara (tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 nyumba nyingi zina kibao), tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi cha kodi kwa tarakimu na kwa maneno, namba ya mita ya LUKU, usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia, na vitu vilivyomo ndani. Alafu weka yale ambayo watu wanayasahau: nani anatengeneza nini, karo likijaa nani analipa, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, mwenye nyumba akitaka kuingia ndani anatoa taarifa lini, na kubwa kuliko yote, ukihamishwa kituo cha kazi kabla ya miezi kuisha kodi iliyobaki inarudishwa au hairudi. Kwa mtumishi wa umma hiki kipengele usikiache, uhamisho unakuja bila hodi.

Kupanda kwa kodi kuandikwe pia. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilifutwa 2005, kwa hiyo hakuna wa kukupangia kiwango, kinachokulinda ni karatasi yako tu. Kwenye matengenezo angalau sheria iko upande wako: kama umepanga sehemu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja ni jukumu la mwenye nyumba kuviweka sawa, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ndo maana soma kabla ya kusaini, usije ukawa umekubali vingine bila kujua.

Hatua ya 10: kulipa

Lipa benki au kwa simu kwenda kwenye jina lililoko kwenye mkataba, siyo la mtoto wake, siyo la dalali. Kama anataka taslimu, sawa, lipa mbele ya shahidi na apokee kwa kuandika "nimepokea" na tarehe na sahihi. Meseji ya muamala ipige picha uitume kwenye barua pepe yako, simu zinaibiwa.

Funguo zote ziwe mezani wakati hela inatoka. Zote, na ya akiba.

Hatua ya 11: kuhamia

Kabla hujaingiza hata ndoo, chukua video ya nyumba nzima, polepole, kila kona, kila kioo kilichopasuka, mita zote mbili, na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo na maneno ya heshima, "mama, hivi ndo nimeikuta nyumba." Badilisha kitasa cha mlango mkubwa, cha zamani mrudishie siku ya kuondoka.

Fenicha usihangaike kuibeba kutoka Dar. Uko kwenye mji wa mbao, kitanda na meza utatengenezewa hapa hapa. Ila uliza mbao imekauka. Paini mbichi ikishakuwa kitanda inajikunja na kupasuka ukiwa umeshalipa. Nenda karakana uone mbao zenyewe, nyanyua moja: iliyokauka ni nyepesi na haiachi unyevu mkononi. Kirikuu kwa mizigo ya ndani ya mji mkubaliane bei kamili pamoja na wapakiaji kabla gari haijaondoka.

Wiki hiyo hiyo nenda ukajitambulishe serikali ya mtaa na kwa mjumbe, na barua yako ya kazi au ya utambulisho kutoka ulikotoka. Ukija kuhitaji barua ya benki, ya mkopo, ya kitambulisho, hutaanza kujieleza upya.

Na sasa hili naomba ulisome mara mbili. Baridi ikija utaona watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, wanalala. Usifanye hivyo hata usiku mmoja. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, unasinzia na hauamki. Hata ukiona makaa yamekuwa mekundu na moshi umeisha, hewa hiyo bado inatoka. Nunua blanketi zito, nguo za kulalia nzito, chupa ya maji ya moto miguuni, ziba mianya ya chini ya mlango. Jiko la mkaa likae nje. Ukipika kwa gesi, dirisha la jikoni liwe wazi, na mtungi ukaguliwe mpira na regula, povu la sabuni likitoa mapovu pale kwenye maungio basi inavuja, funga na umwite fundi.

Hatua ya 12: ukishaanza kuishi

Tatizo likitokea, sema mapema na kwa maandishi. Piga simu kwanza kwa heshima, alafu fuata na meseji yenye picha, ili kuwe na tarehe. Bati linavuja Desemba ukalisema Machi, mtabishana nani kaharibu dari.

Mkishindwana, anza na mjumbe, alafu mwenyekiti wa mtaa. Mambo mengi yanaishia hapo, maana mji ni mdogo na hakuna anayetaka jina lake lisemwe. Ikishindikana linaenda baraza la kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa 2021 kazi yake ni kusuluhisha, siyo kuhukumu. Wasipowapatanisha, ndo mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba akikufungia kufuli au kukutolea vitu nje kwa nguvu, usipigane na usivunje, nenda serikali ya mtaa na polisi na mkataba wako na risiti mkononi.

Hatua ya 13: kuondoka

Toa notisi kwa maandishi hata kama mnaelewana. Mwezi wa mwisho nunua umeme kidogo kidogo, maana uniti zinazobaki kwenye mita zinabaki na nyumba. Lipa bili ya maji mpaka siku ya mwisho na utunze risiti. Safisha, ziba matundu ya misumari, chukua video nyingine kama ile ya mwanzo, alafu mwenye nyumba aje mkague pamoja mchana, siyo usiku. Ukimkabidhi funguo muombe aandike kwenye nakala yako ya mkataba kwamba amepokea nyumba na hakudai, asaini na tarehe.